Mume wa Bilhah

Kanisani kwetu, upande wa juu wa Sigowet, wanaume hukaa kulia na wanawake kushoto, na katikati kuna njia ambayo hata mtoto anayetambaa anajua haivukwi ovyo. Jerusa Chepngeno aliivuka Jumapili moja ya mwaka wa tisini na nne, akiwa na mwavuli, Biblia na kikapu cha nyuzi zake za kufumia sweta, akaja moja kwa moja hadi benchi langu. Akaniambia, "Noah, songa." Nikasonga. Sikuwa nimeelewa, lakini Jerusa akikwambia songa, mwili hutii kwanza, kichwa kinafuata baadaye.

Kwa hiyo nikapata jirani wa benchi. Naomba nieleze vizuri, maana watu wa mbali wakisikia habari hii huanza kucheka mahali pasipo na kicheko. Mume wa Jerusa alifariki bila kumwachia mtoto. Kwetu sisi Wakipsigis, mama wa namna hiyo anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, anamleta msichana nyumbani, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Watarithi shamba na jina la marehemu. Mama mwenyewe tangu hapo anahesabiwa mwanamume. Nani alimpa mke huyo mimba si swali. Asiye na adabu ndiye huuliza, na hapa kwetu ninawajua wawili.

Jerusa alikuwa na haraka kwa sababu ya Aron. Aron alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mzee wa kanisa, na mtu mwenye bidii nyingi sana katika mashamba ya wenzake. Matanga hayajaisha, alishaanza kupogoa michai ya Jerusa, eti anamsaidia. Jerusa alimtazama siku tatu, siku ya nne akaenda kutafuta mke.

Akamwoa Bilhah Mongina, msichana wa Kisii aliyezaliwa hukohuko kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, binti wa mchumaji aitwaye Omariba. Hii ilikuwa miaka miwili tu baada ya ule ubaya wa tisini na mbili, majirani, sisi na Wakisii, walipochomeana nyumba, na watu walimwambia Jerusa wazi kwamba wasichana wa nyumbani wapo. Jerusa akawajibu kwamba wasichana wa nyumbani amewaona wakichuma chai na hajapendezwa. Ng'ombe wa mahari ndio waliosumbua. Omariba aliishi mahali ambapo hata kuku alifugwa kwa siri, ikabidi wale ng'ombe watembezwe hadi kwa kaka yake, ng'ambo ya Sotik, nami nikiwa mmoja wa waliowaswaga. Nyayo zangu hazijamsamehe Jerusa hadi leo.

Uanaume wake aliuchukua kwa uzito. Aliacha kuchota maji na kuosha vyombo. Alianza kusema "hawa wanawake" huku akitikisa kichwa, kama anayesimulia kabila la mbali. Lakini jikoni aliendelea kuingia kila saa kuonja mboga na kuulizia chumvi, na kule kwenye benchi la wanaume aliendelea kufuma. Mahubiri yakirefuka, mimi ndiye niliyemshikia uzi.

Mtoto alizaliwa mwaka wa tisini na tano, nje ya baying, kile kibanda chetu cha kupimia majani chai, hatua chache kutoka kwenye mzani. Kwa kuwa amezaliwa nje, akaitwa Kipsang. Jerusa alimzungusha kijiji kizima. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyemaliza kazi yake duniani.

Ndipo likaja suala la ubatizo. Pasta Kepher, kijana mpole aliyeletwa kwetu akitoka chuoni, alikuta desturi ya kanisa hili: siku ya kubatiza, baba husimama mbele akiwa amempakata mtoto, anaulizwa maswali, anajibu watu wakisikia. Mtoto asiye na baba wa kusimama alibatizwa siku ya kazi, kule nyuma, katika chumba cha kuwekea masufuria ya kanisa. Aron akainuka katika kikao cha wazee, akasema kwa upole mwingi kwamba mtoto wa Bilhah hana baba, kwa hiyo apelekwe kule nyuma. Kila mtu alielewa. Mtoto aliyebatizwa kwenye masufuria hana nyumba, na mwezi haungeisha kabla Aron hajapanda majani ya ng'ombe mpaka mlangoni kwa Jerusa.

"Kama ni Bibilia wanataka," Jerusa akaniambia, "tutasoma Bibilia."

Macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo msomaji alikuwa Bilhah, ambaye alifika darasa la nane. Walisomea pale baying, tukingoja lori la majani, ambalo lilikuja lilipopenda. Sote tukasikiliza, maana hakukuwa na mahali pa kwenda. Walianza na Mwanzo. Nikwambie ukweli, sijawahi kusikia Biblia ikisomwa vizuri namna ile. Bilhah alipofika kwa Labani, anayemfanyisha Yakobo kazi miaka saba kisha anambadilishia bibi harusi, mzee mmoja aliyewahi kuchuma kwenye shamba kubwa akasema, "Huyo Labani ni nyapara," na watu wakakubaliana kwamba wanamjua, wakataja hata kofia yake.

Kisha akafika kwa Raheli. Jerusa akaweka sindano zake chini.

"Rudia hapo."

Bilhah akarudia.

"Mnasikia?" Jerusa akasema. "Raheli hana mtoto. Anatoa Bilha, mjakazi wake, kwa bwana yake. Bilha anazaa, na ni Raheli anasema Mungu amenipa mtoto. Na ni Raheli anapatia mtoto jina. Dani. Mtoto ni ya Raheli. Na huyo msichana anaitwa Bilha, kama huyu wangu. Sasa Aron anataka nini ingine?"

Watu wakapiga makofi. Palepale Jerusa akaamua kwamba mtoto atabatizwa Daniel, kwa sababu Dani ni fupi mno kwa mwenye shamba. Lori lilipofika, kwa mara ya kwanza hakugombana na mpimaji.

Bilhah hakupiga makofi. Alikuwa akifungua kurasa, mbele na nyuma, kidole kikifuata mistari.

"Mama," akauliza, "huyu Bilha anaongea wapi?"

"Aongee nini? Si amezaa watoto wawili?"

"Nimeangalia mpaka huko mbele. Anapeanwa, anazaa, anaambiwa twende, anaenda. Kuna mahali kijana ya hiyo boma anamfanyia vibaya, na baba ya kijana anasikia. Hata hapo hakuna mtu anamuuliza kitu."

Mimi nakumbuka nilianza kuyachambua majani yangu, na yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa.

"Sawa," Bilhah akasema, akafunga Biblia. "Kama mimi ni Bilha, wacha nikuwe Bilha."

Akaacha kusema.

Hakununa, wala hakugoma kazi. Alipika, alichuma, alimwogesha mtoto, na alipodhani hasikiwi alimwimbia Kikisii. Lakini Jerusa hakupata neno hata moja. Wiki ilipopita Jerusa akaja kwangu, akakaa, akakataa chai. Nikajua mambo ni mabaya.

"Noah, wewe ni mwanaume kama mimi."

"Ndiyo," nikasema kwa tahadhari.

"Bibi yako akinyamaza, unafanyanga nini?"

"Mimi humshukuru Mungu."

Alinitazama hadi nikajuta. Akanihesabia aliyojaribu. Alikuwa amemnunulia leso. Alikuwa amefoka. Alikuwa amesifu mboga, jambo ambalo Jerusa hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Nyumba imekuwa kama ofisi ya chifu, akasema, watu wamekaa tu na hakuna anayekwambia kitu. Na hapo nikaona kwamba anaogopa, na hakuwa akimwogopa Aron. Alimpenda yule msichana. Alikuwa amemwoa kwa ajili ya shamba, na katikati ya kugombania chumvi akampenda, na sasa alihofu ataamka asubuhi akute moto haujawashwa.

Hata hivyo kikao cha wazee alikwenda, maana Jerusa hakuwahi kukosa vita kwa sababu ya huzuni. Akawasimulia Raheli, mwanzo hadi mwisho. Aron akasema Raheli alikuwa na mume.

"Na mimi nilikuwa na mume," Jerusa akamjibu. "Alikuwa ndugu yako. Ulikula kwa mazishi yake mara mbili."

Pasta Kepher alijifuta jasho. Tatizo lake la kwanza lilikuwa amwite nani. Alianza "Mama," akaona anaangaliwa, akajaribu "Mzee," akaiacha nusu. Mwishoni akasema, "Ndugu Jerusa, mimi nafikiri baba ni yule atakayesimama na kujibu. Simama. Lakini mama wa mtoto naye lazima ajibu, kwa mdomo wake mwenyewe, kanisa lisikie. Hilo siwezi kuliondoa."

Jerusa akatoka pale akiwa ameshinda, na nilimwona njiani akitembea kama aliyeshindwa.

Jumapili ile kanisa lilijaa kupita Krismasi. Watu walikuja hata kutoka Kedowa, wakijidai wanatembelea jamaa. Jerusa alivaa koti la marehemu, lililompita mabega, akasimama mbele na mtoto mikononi. Mtoto alivaa sweta mpya ya bluu, na kifuani, kwa uzi mweupe, ilifumwa DANIEL kwa herufi kubwa. Nilizifahamu herufi zile. Uzi wake niliushika mimi. Bilhah alisimama kando, midomo imefungwa.

"Ndugu Jerusa," pasta akauliza, "utamlea mtoto huyu katika njia ya Bwana?"

"Nitamlea. Hata sasa namlea. Si mnaona amenenepa?"

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

Kanisa zima lilijua anaitwa nani, jina lilikuwa limeandikwa. Jerusa akafungua mdomo. Akamtazama Bilhah, akamtazama kwa muda, kisha akaufunga. Nilikaa na Jerusa benchi moja miaka miwili na sikuwahi kuona mdomo ule ukifungwa kabla ya kutoa kilichomo.

"Uliza huyu," akasema. "Mimi ni baba tu."

Tukasikia mabati yakilia kwa jua. Bilhah alitazama upande wa wanawake, akatazama upande wetu, akashusha pumzi.

"Omariba," akasema. "Anaitwa Omariba. Ni jina ya baba yangu."

Watu wakanong'ona. Jina la Kisii, kwenye shamba la Kipsigis, miaka minne tu baada ya moto. Mama mmoja upande wa kushoto alishika kichwa.

"Amechuma chai ya hapa mpaka mgongo ikapinda," Bilhah akaendelea, na sauti ilikuwa ikipanda. "Tisini na mbili tulilala naye kwa msitu, sisi wote, na asubuhi akarudi kuchuma. Hakuna mtu alimuuliza kitu. Sasa mimi nataka..."

Aron akainuka. "Pasta, hilo si jina la Kikristo. Na si jina la hapa."

Jerusa akageuka polepole ndani ya lile koti kubwa, mtoto akigeuka naye, DANIEL kifuani.

"Aron, kaa chini," akasema. "Bibi yangu anaongea."

Aron akakaa. Pasta Kepher, mkono wake ukiwa tayari ndani ya maji, akangoja Bilhah amalize.