Ugonjwa Aliotuandikia Afande Kizza

Siku yangu ya kwanza kwenye ghala la kemikali pale Bugolobi, Kampala, nilipewa rungu, buti zilizowahi kuvaliwa na mtu mwingine, na daftari la lindo. Daftari hilo ndilo kazi yenyewe: kila kinachoingia na kutoka unakiandika, na wakati wa kubadilishana zamu mkuu anatia sahihi. Mimi niliishia praimari ya nne, kwa hiyo Okello, mwenzangu wa zamu, mtoto wa askari wa kambi ya polisi ya Naguru, aliandika, nami nikafungua geti.

Mkuu wa walinzi alikuwa afande Kizza. Namtaja. Namtaja na meneja Tindi, aliyejua kwamba mapipa yanavuja akaagiza yafunikwe turubai tu.

Okello alianza kukohoa, kisha nami nikaanza. Kwa utaratibu wa kazi, mgonjwa anapeleka karatasi ya ugonjwa kwa mkuu, akiidhinisha ndipo kliniki inakupokea. Kizza hakutazama kifua cha mtu. Aliandika neno moja la Kiingereza kwenye karatasi zetu, akaturudisha lindoni.

“Afande, umeandika nini?” Okello akauliza.

“Ugonjwa yenu.”

Tukaamini. Mungu atusamehe, tulifurahi hata, kwamba kinachotutafuna kimepata jina. Okello akalisoma kwa kulikata vipande: ma-li-nge-ra.

“Hii ni ndugu ya maleria,” akaniambia, “ila imesoma. Sisi wakubwa bwana, hata ugonjwa yetu ni ya kizungu.”

Tulikwenda duka la dawa na karatasi mkononi. Binti wa pale akaisoma, akatutazama, akasema dawa hiyo hana. Tukarudi getini, kwenye harufu ileile.

Okello alifia kwenye kiti cha lindo, saa nne asubuhi, kalamu ikiwa mfukoni. Kwenye matanga mjane wake alisimama akawaambia watu kuwa mumewe ameuawa na malingera. Kizza alikuwa amekaa mbele kabisa. Alitazama viatu vyake.

Baadaye ustadhi mmoja wa Old Kampala, mwalimu wa Kiingereza, alinifafanulia ile karatasi yangu. Liliandikwa “malingerer”. Neno lilitoka kwa Wafaransa, kwao likiwa mtu dhaifu, mgonjwa mgonjwa. Waingereza wakalichukua, wakambandika askari anayejifanya mgonjwa ili akwepe kazi.

“Lilianza likiwa mgonjwa, ssebo,” akasema polepole, “likaishia kuwa mwongo.”

Sasa nimeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu, ngazi tatu tu zinanikalisha chini. Ninyi mnaovaa sare leo, msiondoke mbele ya meza ya mkubwa hamjajua alichowaandikia. Sisi tuliogopa kuuliza mara ya pili.

Karatasi ya Okello mjane wake ameihifadhi ndani ya Biblia. Juzi aliniuliza kama siku hizi dawa ya malingera imepatikana.

Nikamwambia, “Bado, mama.”