Kaka Anamwonea Mungu Wivu

Angekuwa mwanamume wa kawaida, tungejua la kufanya. Ningemfuata mimi mwenyewe nikamtolea maneno mpaka akome. Lakini anayeonewa wivu na kaka yangu ni Mungu. Sasa jamani, mtu wa namna hiyo unamsaidiaje?

Kaka ni fundi cherehani. Anashonea chumba cha mbele cha nyumba yao, na mimi dada yake ndiye ninayepiga vifungo na kukunja pindo, kwa hiyo hakuna linalopita nisilisikie. Mkewe, wifi yangu, ni mkunga. Yuko wodi ya wazazi tangu hajaolewa. Nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwake, na wapo wanaume wenye ndevu wakimwona barabarani wanavuka upande wa pili, kwa sababu hakosi kuwaambia, "Wewe, mimi nilikuona ulivyokuja, usinitishe na suti."

Wifi huamka kabla ya jua. Huoga, huvaa gauni la kazini, huingia stoo na kufunga mlango. Stoo yenyewe ni kijichumba nyuma ya jiko, hakina hata dirisha, kina stuli moja na Biblia iliyoachana na jalada lake. Humo anasoma zaburi, anapiga magoti, anakaa kimya. Akiwa na mafua anaingia. Akiwa na zamu ya jioni anaingia vilevile. Ijumaa hatii chakula kinywani mpaka jua lizame. Nilimuuliza siku moja kama hachoki. Akasema, "Wifi, nikienda wodini na nguvu zangu mwenyewe, mchana zimeshaisha. Nikitoka humu, mikono inatulia."

Mimi niliyaona maneno mazuri. Kaka yalimchoma.

"Umesikia? Anakwenda kutulizwa," aliniambia, akikanyaga cherehani kwa hasira. "Mumewe nipo, mzima, na yeye anakwenda kutulizwa stoo."

Kila asubuhi alikaa mezani na birika la chai akiukodolea macho ule mlango. Chai inapoa, anaipasha, inapoa tena. Wifi akitoka anatoka na uso umekunjuka, anang'aa, anasema, "Umeamkaje, mume wangu?" na kaka anajibu kwa kuguna. "Ule uso," aliniambia, "mimi sijapewa tangu harusi." Kumbe alishawahi kutega sikio mlangoni. "Ananong'ona, dada! Mtu mzima ananong'ona na nani?" Nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Yeye hakucheka.

Kilichomuuma zaidi ni zile gauni za kazini. Anazishona yeye, kwa mkono wake. Gauni la mkunga huchakaa kwapani, kwa kule kuinua na kuvuta. Za wifi huanzia kwa mbele, pale magoti yanapokaa. Siku moja alilitandaza moja mezani, akapitisha kidole kwenye tundu. "Ona," akasema. "Mimi namshonea, anakwenda kuzimaliza kwa mwingine." Hata kanisani kaka anaimba vizuri, besi kabisa, lakini wimbo ukifika kwenye maneno ya mapenzi, anakohoa. Usiombe kukaa naye benchi moja.

Kisha mama mmoja akamfia wifi wodini. Alikuwa msichana tu, uzazi wa kwanza. Daktari alikuwepo, damu ililetwa akaongezewa, kila linalofanywa lilifanywa, na mtoto alipona. Hakuna aliyemlaumu wifi. Kesho yake wifi alioga, akavaa, akaupita mlango wa stoo bila kuutazama, akaja kukaa mezani.

"Nimiminie chai," akamwambia mumewe.

Yesu wangu, ile furaha! Kaka aliingia kazini anapiga mluzi. "Amekunywa chai na mimi," akasema, utadhani kaposa upya. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Ijumaa wifi akala mchana. Wiki haijaisha, kaka ameshahamishia majora yake ya vitambaa stoo, kayapanga mpaka darini, na ile stuli kaileta mbele wakalie wateja.

"Kaka, hiyo si stoo tu," nikamwambia.

"Ni nini basi? Kanisa?"

"Unajua ni nini. Usinifanye niseme."

"Mwenyewe mbona hajaidai?"

Na kweli hakuidai. Hakudai kitu chochote. Alikuwa anakaa mezani anakitazama kikombe, ukimuuliza jambo anajibu "ndiyo" hata pasipo na ndiyo. Akamwomba muuguzi mkuu amtoe wodini, ampeleke chumba cha kufulia mashuka. Muuguzi mkuu alishtuka, akamwambia afikirie mpaka Jumatatu. Kaka yeye hakuona ubaya. Chumba cha kufulia hakina zamu za ghafla, akasema, na hatimaye atakuwa na mke wake peke yake. Nilimwita jina nililokuwa nikimwita utotoni tukigombana, na si jina la kuandikwa hapa.

Jumamosi akaja mteja, mjamzito, gauni limembana, anataka ubavuni lifunguliwe mishono. Kaka akazungusha futi tumboni kumpima. Wifi akawa anapita kutoka jikoni. Zamani asingepita hivi hivi! Angeweka kiganja pale tumboni, angeuliza huyu bondia anapigana na nani. Yule mteja mwenyewe akamshika mkono auweke. "Mama, sikia anavyorusha mateke! Mimi nimeshasema, nitazalia kwako tu."

Wifi aliuchomoa mkono, akauficha nyuma ya mgongo.

"Tafuta mwingine, mwanangu. Mimi nimeacha."

Akaingia ndani. Mteja akatuuliza amekosa nini. Akaondoka bila hata kumaliza kupimwa.

Kaka alimfuata mkewe, akamleta, akamkalisha kwenye stuli. "Mke wangu, yote uliyokuwa ukimwambia yule, niambie mimi. Mimi ndiye mumeo." Niliinuka niwapishe, wifi akasema, "Kaa, wifi." Nikakaa.

Akaanza. Akaeleza damu ilivyoingia mpaka ndani ya viatu vyake. "Aliniuliza, 'Mama, nakufa?' Nikamwambia hapana, mwanangu. Nilimdanganya namtazama machoni, na akaniamini." Yule msichana alikuwa amemkamata mkono wa gauni, na alipokata roho ilibidi wamfungue vidole, kimoja kimoja. Kisha wifi akasimulia waliokufa kabla ya huyo. Watoto waliozaliwa bila kulia, aliowafunga mwenyewe kwenye shuka ili mama zao wasiwaone vile. Mmoja baada ya mwingine, miaka yote ile, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Basi," kaka akasema. "Basi, mke wangu. Inatosha, tafadhali." Akatoka mbio, nikamsikia anatapika nje kwenye mtaro.

Wifi hakukasirika. "Yule hajawahi kuniambia basi," akasema.

"Sasa mbona umemwacha?"

"Nilimwomba asubuhi ile ile. Nilimwambia kila nitakayemshika leo, arudi kwao. Akaninyamazia. Nina hasira naye, wifi. Hata kumsalimia siwezi."

Ebo! Na mimi zikanipanda. "Hasira una naye yeye, halafu unakuja kuzinywea chai na kaka yangu? Kaka yangu kakosa nini? Si umwendee mwenyewe ukamwambie!"

Kaka alikuwa amerudi, amesimama mlangoni anajifuta mdomo. Akaenda stoo, akaanza kuyatoa majora, anayatupa popote: kwenye meza ya kukatia, juu ya cherehani, kwenye kiti changu. Akaja kuchukua stuli, akairudisha. Wifi akamfuata, akasimama pale kizingitini.

"Leo sina zaburi," akasema. "Nina maneno naye."

"Kamwambie."

Akaingia. Kaka ndiye aliyeuvuta mlango akaufunga.

Safari hii hakukuwa na kunong'ona. Alilia, akalaumu, akauliza kwa nini kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alipotoka uso haukung'aa wala nini, ulikuwa umevimba. Akaomba chakula, akala, akalala. Jumapili akaingia tena. Jumatatu akaingia tena, akatoka, akaenda kumwambia muuguzi mkuu kwamba anabaki wodini.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu nilimkuta kaka amekaa na birika lake, mlango wa stoo umefungwa, na kule ndani ule mnong'ono umerudi.

"Bado unamwonea Mungu wivu?" nikamuuliza.

"Sana," akasema, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Lakini kazi yake siiwezi."