Shairi la Msiba wa Fundi Vina

Mpaka leo nikikumbuka, mwili unanisisimka. Nilikuwa natunga shairi la kumuaga kaka yangu, na kaka yangu mwenyewe akanipa kina.

Ngoja nieleze vizuri, msije mkadhani nimechanganyikiwa. Kaka yangu huyo ni fundi viatu, na watu wote humwita Fundi Vina. Kibanda chake kiko ubavuni mwa duka la dawa, kina benchi moja la wateja, na kwenye benchi hilo hukuti wenye viatu tu. Utakuta waimbaji wa harusi, vijana wa kufokafoka, hata bibi mmoja aliyegombana na jirani na sasa anataka kumjibu kwa beti. Mtu anasoma mstari wake, anakwama mwishoni. Kaka hainui hata macho kwenye soli. Misumari ameibana midomoni, neno analitoa pembeni mwa mdomo. "Hilo hilo!" mtu anaruka. Sharti lake lilikuwa moja tu, usome kwa sauti, maana kina kinatafutwa na sikio. Na ukileta "salama" anakutimua. "Hicho kina cha wavivu! Kila shairi likichoka linalala salama."

Kisha kikaja kiharusi. Kilimkuta kwenye kigoda, nyundo mkononi. Mkono wa kulia ukapooza, na ulimi ukafungwa kabisa. Daktari alituambia maneno yake yamepotea, na kama anatuelewa au hatuelewi, hakuna anayejua. Miezi ikapita hajatamka kitu. Tukaanza, Mungu atusamehe, kumzungumzia mbele yake kama vile ni kabati.

Halafu akaanza kukataa chakula. Uji ukifika mdomoni, anageuza uso. Wifi yangu, yaani mkewe, alimbembeleza mpaka akalia, wapi! Akakonda, akabaki macho. Kaka yetu mkubwa, ambaye hupanga kila jambo kabla halijafika, akasimama mlangoni mwa chumba cha mgonjwa akasema, tena kwa sauti, "Mtu akishakataa chakula, huyo anaaga. Wewe unajua kuandika. Andaa shairi la mazishi mapema, siku yenyewe tutakuwa na shughuli nyingi." Nilitamani nimrushie kikombe! Lakini nilikubali, maana nani mwingine angemwandikia?

Mchana huo nikakaa kando ya kitanda, wifi akifua uani. Nikasoma kwa sauti, kama mwenyewe alivyotufundisha:

Kaka fundi wa viatu, umetutoka mapema,
Uliwashonea watu, bila choyo kwa huruma,
Umetuachia utu, hazina ya wenye wema,
Hatukusahau katu, lala, kaka, u...

Nikakwama. Neno pekee lililonijia lilikuwa salama, na hilo nisingethubutu kumwekea. "Lala, kaka, u... u..." nikarudia, nikitafuna kalamu.

"Mzima."

Nilidhani ni redio ya jirani. Nikasikiliza, hakuna redio. Nikageuka taratibu. Midomo ya kaka ilikuwa bado wazi, na macho yameniganda. Nikapiga yowe, nadhani mtaa mzima ulijua mgonjwa wetu ametutoka.

Wifi akaja mbio, povu la sabuni mpaka viwikoni. "Amekata roho?"

"Amesema!"

"Wifi, usinitanie. Leo sina nguvu za utani."

Nikamwinamia kaka. "Kaka, unanisikia? Sema basi!" Akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, likatoka koromo tu. Wifi akanitazama kwa huruma, kama anayeona sasa ana wagonjwa wawili. Ndipo nikakumbuka benchi la kibandani. Nikausoma ule mstari upya, nikaukata palepale.

"Mzima," akasema kaka, wazi kabisa.

Wifi akakaa sakafuni. Swali hakuweza kulijibu, lakini ukimwachia mwisho wa mstari, neno linatoka lenyewe! Kwa hiyo miezi yote hiyo alikuwa humo ndani, anasikia kila upuuzi wetu, hata mipango ya mazishi yake. Aibu ilinishika mpaka nikashindwa kumtazama.

Wifi, ambaye siku zote alisema vina havijazi sufuria, akajikokota mpaka kitandani, akamshika mashavu. "Mume wangu," akaita. "Jamani, mume wangu..."

"Uchungu."

Tukatazamana. Nikadhani anatupa kina tu, kwa mazoea. Lakini machozi yalikuwa yanamtiririka. Wifi akaunyanyua ule mkono uliopooza, akauliza kwa sauti iliyokatika, "Ni huu mkono?"

"Jino," akasema kaka.

Jino! Nikawasha tochi ya simu, wifi akamfungua kinywa polepole. Gego la nyuma lilikuwa limeoza, fizi imevimba, usaha unachuruzika. Nilipoligusa shavu kwa nje tu, kaka alirusha kichwa.

"Uji wa moto," wifi akanong'ona. "Nilikuwa nampa uji wa moto, wifi. Asubuhi na jioni. Akigeuza uso namlazimisha."

Tulikuwa tunamtazama mtu akifa njaa mbele yetu, na tumeshamtungia shairi.

Wakati huohuo kaka mkubwa akaingia. Alisimama mlangoni palepale pake, akasafisha koo. "Haya, shairi limefikia wapi?"

"Hakuna msiba hapa," nikamwambia. "Kalete gari, ndugu yako anaumwa jino."