Ukifunga Stima, Inawaka

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Port Victoria akilia sana, mpaka mwanzo sikujua kama amekufa mtu ama amekufa kuku. Walikuwa kuku. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita nyumbani kwa marehemu mama yetu na kufagia banda lote. Na hao hawakuwa kuku wa kununua sokoni. Mama alipoolewa alikuja na mtetea mmoja kutoka kwao, na kuku wote tuliowajua sisi walitoka kwa huyo mmoja. Mama amekufa, nyumba imebaki, na kuku walikuwa wamebaki. Sasa hata hao hawako.

"Wameisha, dada. Kumebaki mayai tu, yale nilikuwa nimeweka kwa bakuli."

"Usipike hizo mayai," nikamwambia. "Usiuze hata moja. Nitumie."

"Uzifanyie nini? Kwani wewe ni kuku?"

Swali lilikuwa zuri. Hapa Nyalenda jirani alikuwa na kuku anayetaka kulalia, lakini plot yetu nayo ilikuwa na kuku wanaokohoa. Kifaranga angezaliwa leo, kesho azikwe. Lakini wakati huo nilikuwa naenda masomo ya jioni, mambo ya umeme na elektroniki, na mwalimu alikuwa ametuambia kila mtu achague kitu atakachotengeneza kwa maikrokontrola. Hiyo ni kompyuta ndogo, haifiki hata kiberiti, unaiandikia programu nayo inafanya kazi moja bila kuchoka. Bodi yenyewe tulipewa darasani. Askari mmoja wa usiku alichagua taa inayojiwasha mtu akipita. Mimi nikasema nitatengeneza mashine ya kuangulia mayai. Tangu siku hiyo darasa likaniita Mama Kuku.

Mayai yalikuja na basi, yamezikwa ndani ya ndoo ya pumba za mahindi. Hakuna hata moja lililovunjika. Nikapiga magoti nikashukuru, nikidhani sehemu ngumu imekwisha.

Sanduku halikunisumbua. Nilipata lile jeupe la foam, la kubebea samaki na barafu, limepasuka kifuniko. Nililiosha na majivu, nikaliosha na ndimu, na mpaka leo linanuka mbuta. Shida ilikuwa vitu vya ndani. Vilikuwa vinne tu: sensa ya kupima joto, balbu ya kupasha, rilei ya kuwasha na kuzima hiyo balbu, na chaja ya kulisha bodi. Mtu angedhani ni kazi ya asubuhi moja. Na yai la kuangulia halingojei. Ukiliweka sana linakufa likiwa zima hivyo hivyo, kwa macho huwezi kujua.

Nilianza na sensa. Mwalimu alikuwa amesema nyeupe. Mwenye duka akaweka ya bluu juu ya kaunta.

"Fundi, nimesema nyeupe."

"Mama, hii ni hiyo hiyo. Rangi ndio tofauti."

"Kama ni hiyo hiyo, kwa nini walipaka rangi tofauti?"

"Ni kampuni tu, Mama. Hata wewe leo umevaa kitambaa nyeupe, kesho utavaa ya bluu, si utakuwa Mama yule yule?"

Watu dukani wakacheka, nami nikacheka, nikabeba ya bluu. Ilikuwa makosa. Niliiweka kando ya kipimajoto cha kioo, kioo kikasema thelathini na saba, sensa ikasema thelathini na tano. Nikingoja kidogo inasema thelathini na tisa. Kwa chumba cha kukaa hiyo si neno, lakini kwa yai, digrii mbili ni mauti. Nikarudi.

"Hiyo ya nyeupe iko Nairobi," akasema. "Itakuja."

"Lini?"

"Mungu akipenda."

Kuna watu wanaotumia jina la Mungu kufunga mdomo wa mteja. Mimi naliita hilo jina kila siku kabla jua halijatoka, na nilimwambia asilitumie hivyo. Akafungua droo ya chini kabisa, akatoa sensa nyeupe. Ilikuwa hapo muda wote. Hakutaka tu kuinama.

Balbu ndiyo ilinitoa machozi. Niliingia karibu kila duka la umeme mjini, na kila duka walinipa balbu za siku hizi, zile hazili stima. Nikashika moja ikiwaka. Baridi kama jiwe la ziwani.

"Nataka ile ya zamani, ya waya ndani, ile inachoma mkono."

"Mama, sasa unataka kuchomeka? Hizo zilikwisha. Hii inakusaidia bili."

"Sitaki kusaidiwa bili. Nataka joto."

"Basi nunua jiko."

Nilizunguka hivyo siku mbili, na mayai yangu kwa ndoo. Mwishowe niliipata Katito, nilikoenda kwa mazishi ya shemeji wa bwana yangu. Baada ya kuzika nilipita dukani kununua soda, nikaiona juu ya rafu, imejaa vumbi. Nikanunua mbili. Bwana yangu akaniangalia na nguo yangu ya msiba, nimekumbatia balbu kifuani kama mtoto mchanga. Akasema tu, "Wewe mwanamke."

Ikabaki rilei. Ya kwanza niliyouziwa ilitaka nguvu kuliko ile bodi inatoa, kwa hivyo ilikaa kimya, hata kulia *tak* haikulia. Ya pili ilikuwa sawa. Ni kidude cha bluu, na mbele yake kina mashimo matatu ya skrubu za kufungia waya. Stima inaingia kwa shimo la katikati. Inatokea shimo la kushoto ama la kulia, na ni wewe unachagua. Moja limeandikwa NO na lingine NC. Kirefu chake ni Kizungu, na maana yake ni kwamba, rilei ikiwa imepumzika, NO iko wazi, na NC imefungwa.

Sasa wewe uliyelelewa na Kiswahili chetu, niambie. Mtoto akiacha redio ikilia, unamwambia afunge redio. Ukitaka kusikia habari, unafungua redio. Funga taa tulale, fungua stima giza limeingia. Hata Kijaluo cha kwa bwana yangu, asubuhi watu wanasalimiana *oyaore*, yaani kumefunguka, mwanga umekuja. Maisha yangu yote, wazi ni mwanga na kufungwa ni giza. Mimi nilitaka balbu ambayo, rilei ikipumzika, iwe imezimika. Kwa hivyo nilisali, nikakaza skrubu kwenye NC. Imefungwa.

Nikawasha. Sanduku lilikuwa baridi na balbu ikakataa kuwaka. Nikapasha sensa kwa mkono, balbu ikawaka. Kila kitu kinyume. Nilikaa chini nikaangalia hiyo kitu mpaka chai ikapoa. Halafu nikaona, si programu ni yangu? Pale nilipoandika washa, nikaandika zima, na pale pa zima nikaandika washa. Ikakubali. Baridi, balbu inawaka. Joto likifika, *tak*, balbu inazimika. Nilipima mchana na upepo wa ziwa ulipoingia jioni, joto halikusonga. Nikaita watoto waje waone. Nikapanga mayai ndani, nikaweka mkono juu ya kifuniko nikayaombea.

Chaja sikuhangaika nayo. Nilichukua ile ya barabarani, nikisema chaja ya simu ni chaja ya simu.

Mambo yalikwenda vizuri, mayai yakaanza kuonyesha uhai. Nikimulika yai na tochi naona mishipa myekundu imejitandaza kama mizizi. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia watoto wa mama wanakuja. Akalia tena, lakini safari hii nilijua kwa nini.

Jumapili ilikuwa zamu yetu wanawake kuongoza ibada. Tuliimba, tukatoa ushuhuda, mhubiri mgeni akasahau kushuka. Niliporudi nyumbani, kabla sijavua viatu, nilihisi harufu ya foam iliyopata moto. Bodi ilikuwa imezimika, haina hata nukta ya mwanga. Chaja ilikuwa imekufa. Na balbu, jamani, balbu ilikuwa inawaka. Hakuna wa kuiamuru, nayo inawaka tu. Kipimajoto kilikuwa kimepita arobaini.

Niling'oa waya ukutani, nikatupa kifuniko, nikapepea mayai na kitabu cha nyimbo. Nilimwambia Mungu maneno ambayo si ya kumwambia Mungu. Nilimwambia, mimi nilikuwa kwako, wewe ulikuwa wapi?

Kesho yake jioni kulikuwa na darasa; nikayaacha mayai yamezungukwa na chupa za maji moto, nikabeba rilei na balbu nikaviweka mbele ya mwalimu. Akaangalia kidogo tu.

"Mama, kwa nini umefunga waya kwa NC?"

"Si imefungwa? Nilitaka ikipumzika iwe imefungwa."

"Ndiyo. Imefungwa. Kwa hivyo stima inapita."

"Inapita vipi na imefungwa?"

"Kwa sababu imefungwa!"

Darasa likavunjika kwa kicheko. Nikawangoja wamalize. Yule askari wa usiku hakucheka. Alisema, "Mwalimu, mimi kazi yangu ni geti. Geti likifungwa, hakuna kitu inapita. Hata mimi ningeweka hapo."

"Hiyo si geti," mwalimu akasema. "Ni waya. Waya mbili zikishikana, njia imefungamana, stima inapita. Zikiachana, katikati ni wazi, stima haina pa kukanyaga."

"Kumbe ni ndoa," mama mmoja akasema nyuma, wakacheka tena.

Hapo ndipo nilielewa, na kuelewa kwenyewe kuliniudhi zaidi. Rilei yangu ilikuwa imelala na balbu ikiwaka, na bodi ndiyo ilikuwa inaamka kila mara kuizima. Bodi ikafa, hakuna wa kuizima. Ningetumia lile shimo lingine, chaja kufa kungeleta baridi tu, na yai linaweza kuvumilia baridi ya muda mfupi, moto haliwezi. Mwalimu mwenyewe alikuwa ametufundisha hilo somo, na nililiandika lote. Nililiandika kwa Kizungu na kulisikia kwa Kiswahili.

"Wewe ukifundisha tena," nikamwambia, "usiseme wazi na kufungwa. Sema zimeshikana na zimeachana. Hapa kuna watu wazima wanaofunga taa kila siku."

Alifuta ubao, na sijui kama alifuta kwa hasira ama kwa kukubali.

Nilihamisha waya, nikarudisha programu ilivyokuwa, nikanunua chaja nzito ya maana. Kisha nikamulika mayai moja moja. Mengi mishipa ilikuwa imekatika, imebaki duara ya damu. Hayo niliyazika nyuma ya choo, sikuweza kuyatupa kwa takataka. Machache yalikuwa na kivuli ndani, na kivuli kikasogea. Niliyarudisha hayo machache. Sikuyaombea kwa maneno mengi tena. Nilisema tu, Bwana, unaona mwenyewe.

Walitoka wanne, nikawalea ndani ya nyumba, mbali na wale kuku wa plot wanaokohoa. Mdogo wangu kila siku kwa simu ni swali moja, ni majogoo ama ni mitetea, nami namjibu kifaranga hana kitambulisho. Maana tulijua wote wawili, bila mtetea hakuna kitu. Jogoo peke yake hana ukoo, ana kelele tu. Walipoanza kuota vilemba vya jogoo nikaona kimoja, nikaona cha pili, nikaona cha tatu, na nikaacha kwenda kuwaangalia asubuhi kwa sababu niliogopa. Wa nne alibaki kichwa laini. Nilimwangalia wiki nzima kabla sijathubutu kupiga simu.

Mdogo wangu alikuja kumchukua mwenyewe, hakutaka basi limlete peke yake kama mzigo. Banda alikuwa amelisafisha kwa chokaa na kuliacha tupu kwa muda, na chanjo alikuwa ameshauliza. Alimbeba huyo mtetea kwa kikapu juu ya mapaja, akasema jogoo ataazima kwa jirani, na mimi nikabaki na majogoo watatu wanaonikatiza kila nikianza sala ya asubuhi.

Ilipita miezi. Siku moja akapiga simu, sauti chini kama mtu aliye kanisani.

"Dada, amelala juu ya mayai. Amekataa kutoka."

"Yako mangapi?"

"Sijui. Ukikaribia anadonoa."

"Basi toka hapo," nikamwambia. "Muache."