Kijiji Nilichokisoma Bila Kukiandika

Natamani ningemkatalia rafiki yangu Kabwe. Aliniambia, "Andika tu Kilwa, twende mpira," nami nikaandika Kilwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na vidole vyangu vilinuka wino na mafuta ya mandazi.

Mandazi yalikuwa ujira wangu. Kiangazi kile karani wa komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, alipita nyumba kwa nyumba hapa Ruashi akigawa fishi, karatasi ngumu za rangi ya chai ya maziwa, ili kila mtu mzima aandikishe alikozaliwa na njia aliyopitia hadi Lubumbashi. Wazee wengi wa barabara yetu hawakujua kuandika. Walikuwa wamefuata reli na migodi, wengine kutoka kaskazini ya Katanga, wengine ng'ambo ya Ziwa Mweru, na sasa walikuja kwangu, kila mmoja na kiti chake, wakajipanga uani kama watu wanaongoja kunyolewa. Vumbi jekundu lilitua juu ya fishi, nami nililipuliza kwa madaha niliyoiga kwa karani mwenyewe. Aliyenichosha kuliko wote ni Baba Ilunga, jirani yetu aliyetoka kaskazini. Alitaja kijiji, mto, chifu, hata mlima uliokuwa nyuma ya nyumba ya mjomba wake.

"Mlima hauna mstari wake, Baba," nilimwambia.

"Basi uandike pembeni. Mulima iko mukubwa, hauwezi kukosa fasi."

Ua mzima ulicheka. Nikauandika pembeni.

Kambo Mwape, yaani bibi yangu mzaa baba, alingoja mpaka wageni waishe. Alikuwa amejifunga kitenge cha misa ingawa ilikuwa Jumanne. Alivuka ziwa akiwa msichana, akashukia Kilwa, mji wa ufukwe wa upande wetu, kisha akapanda lori kumfuata mume aliyefanya kazi ya reli. Ng'ambo alimwacha mdogo wake, Chanda. Aliamini kwamba fishi zile zingesafiri: karani wa huku angemwonyesha karani wa kule, na siku moja Chanda angesikia jina la dada yake. Lakini huko kwao kijiji kiliitwa kwa jina la mzee wake, na mzee akifa, kijiji kilihama na kubadili jina. Kwa hiyo hakunitajia jina moja. Alinitajia la mzee wa kwanza, la aliyemrithi, la kijito na la chifu, polepole, akihesabu kwa vidole.

Hapo ndipo Kabwe alipopiga mluzi nje ya ua. Vijana wa Naviundu walikuwa wamefika uwanjani. "Weye, ungali unaandika mambo ya bantu ba ng'ambo?" alisema, akiziba pua. Shuleni waliotoka kule walichekwa kwamba wananuka samaki, na mimi sikuwahi kumwambia mtu kwamba Kambo ni mmoja wao. Kilwa ilikuwa fupi. Kilwa ilikuwa kwetu.

"Umeandika yote, mwana?"

"Yote, Kambo."

"Nisomee."

Nikainua fishi, nikamsomea majina yote manne, kwa mpangilio, kwa sauti ya karani. Kwenye mstari palikuwa na neno moja. Kambo alipiga makofi madogo, akanipa mandazi mawili ya moto. "Sasa Chanda atanipata," alisema. Nilikimbia nikitafuna. Tulifungwa mabao manne, moja nilijifunga mwenyewe.

Tangu siku ile, kila karani alipopita, Kambo alimsimamisha: "Bado hawajajibu?"

Mwaka huu mjukuu wangu Solange, mwenye simu na subira, alizipata fishi za barabara yetu kwenye chumba cha nyaraka, akazipiga picha. Wajukuu wa Baba Ilunga walifuata ile yao hadi kaskazini, wakaukuta mlima, na chini yake wakawakuta ndugu. Mwezi uliopita ndugu hao walikuja na mbuzi wawili. Nilikula kama mwenye nyumba, nikacheza mpaka goti likalia, na kila mtu akataka kupeana mkono na mzee aliyeandika mlima pembeni.

Kesho yake Solange akanionyesha fishi ya Kambo. "Kambo, si ni maandiko yako hii?" aliniuliza, maana sasa kambo ni mimi. Yalikuwa yangu, na ile K ya mikia niliyojivunia. Akanieleza kwamba kule ng'ambo daftari za waliohama zimepangwa kwa vijiji, kwa hiyo anahitaji yale majina. Nilifumba macho. Niliviona vidole vya Kambo vikikunjwa kimoja kimoja, nikaisikia hata sauti yake. Majina hayakuja.

Leo ndugu waliopoteana wanatafutana kwa kidole kwenye kioo cha simu, mradi mtu aliwahi kuandika ukweli mahali fulani. Kambo Mwape alikufa akingoja jibu la jambo ambalo sikuliandika. Hakumwona tena mdogo wake, na watoto wa Chanda, kama wapo, hawatatupata.