Nyumba Yetu Ilipokuwa Ikikua

Kwaru, kwaru, kwaru. Hapa Kawangware ninapoishi sasa, mfagio wa jirani huniamsha kabla sijafumbua macho, nami hujikuta Silanga, kwenye mteremko wa Kibera unaoshukia bwawani.

Kila asubuhi mama alifagia uwanja mpaka udongo mwekundu uling'aa kama sahani. Kwao kule ziwani, alisema, mwanamke hujulikana kwa uwanja wake. Mimi nilikuwa na siri: niliamini nyumba yetu inakua. Zamani niliingia mlangoni bila kuinua mguu. Baadaye tukaweka jiwe la kukanyagia, kisha la pili juu yake. Mvua kubwa ikipita, nyumba ilirefuka zaidi. Nilijivuna kweli.

Kisha ukuta wa udongo ukainama, mlango ukagoma kufunga. Mama mdogo akaja kutoka Kawangware.

"Dada, hii nyumba itawaangukia. Mvua ikiisha nakuja kuwachukua."

Mama hakutaka kuhama. Mwenye nyumba, bibi Mnubi tuliyemwita Habuba, akachungulia chini ya ukuta, miti ya msingi ikiwa uchi.

"Mama Akinyi, unafagia nyumba yangu iende dam, bwawani kule!"

"Nisipofagia, Habuba, watasema mimi mchafu."

"Wacha waseme! Wazee wetu walikata msitu, sisi tukalima mahindi, tukajenga, sasa wewe na fagio. Si ni sisi wote?"

Akaleta fundi kunyoosha miti. Mama akaacha kufagia. Tukapanga magunia ya udongo kando ya ukuta, tukapanda mboga ya sukuma wiki juu yake na nyasi uwanjani.

"Mama Akinyi, umenunua ng'ombe?" jirani akacheka.

"Ndiyo, ni wewe. Kuja ule!"

Mvua ikaja. Udongo uliposhuka kutoka juu ya mteremko, nyasi ziliudaka, jiwe la chini la kukanyagia likafukiwa. Nililia: nyumba imeanza kudumaa!

Nilichelewa kuelewa kwamba nyumba haikuwahi kukua hata kidogo. Ardhi ndiyo iliyokuwa ikiondoka, kwa shoka, kwa jembe, kwa mfagio wa mwanamke msafi. Na mikono ileile iliweza kuizuia.

Mama mdogo alirudi na mkokoteni wa kubebea vyombo vyetu. Akausukuma ukuta kwa kiganja, akanywa chai, akaaga. Alitoka na mkokoteni mtupu, na mama akaufunga mlango nyuma yake, taratibu, kwa kidole kimoja.