Kibuyu cha Mukantabana

Hii habari hamutaiamini, na mukikataa sitakasirika. Mimi mwenyewe nilifika darasa ya tano ya primaire tu, na mpaka leo inanishinda.

Mukantabana, muke wa mudogo wangu, anauzisha maziwa hapa Burungu. Usafi wake unachokesha watu. Maziwa anachemsha mpaka inapanda mara tatu. Kibuyu anakifukiza moshi ya majani, vile mama yake alimufundisha. Mbele anipe kikombe, anaangalia kwanza kucha zangu, mimi muzee muzima!

Sasa namuna gani binti yake Mahoro, miaka tatu, akaanza kuhara makamasi na damu?

Infirmier Élie, muuguzi wa hapa, akapima choo ya mutoto. "Amibe. Ni kadudu kadogo, macho haikaone. Kanatoka mu mavi ya muntu, kanaingia mu maji ao mu chakula, kanafika mu tumbo."

Akatoa dawa. Mahoro akapona. Kisha wiki mbili, damu ikarudi. Safari hii macho ya mutoto ilizama, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Mukantabana hakulia. Alimufunga mu mugongo, tukashuka mbio kwa Élie.

"Mama, anakunywaka maji gani?" Élie aliuliza, huku anamunywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko.

"Maji? Mutoto wangu anakunywaka maziwa ya kuchemsha!"

"Na kibuyu?"

"Ninakifukiza."

"Kisha?"

Mukantabana akasema yote. Kisha moshi, anakisuuza na maji ya kijito, juu maziwa isinuke moshi sana. Na kule juu ya kijito, nani anajisaidiaka mu migomba? Tuache hiyo.

"Moshi haiue amibe, mama. Ni mimi ninakuambia. Maji ya kusuuza nayo ichemke. Mikono ioshwe na sabuni. Choo ichimbwe mbali na kijito."

"Ni mikono yangu njo ilimupa ugonjwa," akasema polepole.

Siku tatu tulikuwa tunaangalia kifua ya mutoto kama inapanda. Siku ya ine, Mahoro akaomba maziwa.

Leo kila kibuyu inasuuzwa na maji iliyochemka. Na choo, ni mimi niliichimba, peke yangu, siku moja, mita makumi mbili mu jiwe tupu, mpaka nikasikia watu wa Walikale, kule mbali, wanaongea chini ya...

"Shemeji," Mukantabana akasema, anasoma juu ya bega yangu haya ninayoandika, "alichimba jirani Kagabo. Wewe ulishika tochi. Tena muchana."